Ethelwynn Trewavas, bibi wa makumbusho aliyempa pale wa Ziwa Mweru jina lake

Mgeni anayezungumza Kiswahili akifika soko la Kashikishi, jirani na mji wa Nchelenge katika Mkoa wa Luapula, Zambia, na kuuliza yule samaki mpana aliyepangwa juu ya meza anaitwaje, atajibiwa kwa neno moja: pale. Wengi hugeuka kutazama huko wanakodhani wanaelekezwa. Hakuna wanakoelekezwa. Pale ndilo jina la samaki mwenyewe kwa Kibemba, naye ni ndugu wa perege na sato tuliowazoea huku kwetu.

Ng'ambo ya maji hayo, katika miji ya Kilwa na Pweto upande wa Kongo, Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni, na tangu mwaka 2022 ufukwe huo wa magharibi umo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo nusu ya Ziwa Mweru ni ziwa letu, ingawa wasomaji wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanalisikia kwa nadra. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 5,100. Maji yake si ya kina kirefu, na Mto Luapula huingia upande wa kusini, kisha hutoka kaskazini pale Pweto kwa jina la Luvua ukielekea Mto Kongo.

Katika vitabu vya sayansi pale anaitwa Oreochromis mweruensis. Sehemu ya pili ya jina hilo, inayomfunga samaki huyu na ziwa lake, ilitolewa mwaka 1983 na mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa amekwisha kupita umri wa miaka 80 na alikuwa amestaafu kwa zaidi ya miaka 20. Jina lake ni Ethelwynn Trewavas. Anayefuga samaki Morogoro, Kisumu au Jinja anatumia kazi yake kila anapotaja jina la kitaalamu la kifaranga alichonunua, hata kama hajawahi kumsikia.

Trewavas alizaliwa Novemba 5, 1900 huko Penzance, mji wa pwani katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Alisoma katika chuo cha Reading, akafundisha kwa muda, kisha akaingia katika utafiti. Kazi yake kubwa ya mwanzo haikuhusu samaki hata kidogo. Ilihusu koo na mifupa ya ulimi ya vyura, ikachapishwa mwaka 1933. Anayeona ajabu kwamba mtaalamu wa perege alianzia kwenye koo la chura akumbuke kwamba shabaha ilikuwa ileile iliyomwongoza maisha yote: kuchunguza kiungo kidogo kwa makini mpaka kikuonyeshe nani ni ndugu wa nani.

Aliyemvuta kwenye samaki ni Charles Tate Regan, bingwa wa samaki aliyekuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Trewavas alikuwa msaidizi wake, wakaandika pamoja juu ya samaki wa vilindi vya bahari, wakiwamo wale wenye kijitaa kichwani wanaovua wenzao gizani. Mwaka 1935 aliajiriwa rasmi na makumbusho hayo. Mwaka huohuo alichapisha muhtasari wa samaki wa Ziwa Nyasa wa jamii ya perege, akiufanya kwa kiasi kikubwa juu ya samaki waliokusanywa na Cuthbert Christy katikati ya miaka ya 1920 na kupelekwa London ndani ya spiriti.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kazi. Samaki alivuliwa Afrika, akatiwa kwenye chupa, akasafiri kwa meli, akawekwa rafuni. Rangi ilipotea njiani. Kilichobaki ni miiba ya mapezi ya kuhesabu, magamba ya kuhesabu, meno ya kuchungulia, na karatasi ndogo yenye jina la mto au ziwa, mara nyingine limeandikwa vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Trewavas aliingia katika kikundi kilichochunguza uvuvi wa Ziwa Nyasa, pamoja na Kate Bertram na H. J. H. Borley, na ripoti yao ikatoka mwaka 1942. Bertram, aliyejulikana kwa jina la Ricardo kabla ya kuolewa, alikuwa ameshazunguka Ziwa Rukwa na mabwawa ya Bangweulu, juu ya Mweru, na mwenzake Janet Owen. Wanawake hao wa zama hizo hawatajwi sana tunapozungumzia historia ya maziwa yetu, lakini msingi wa tunachokijua juu ya samaki wake waliuweka wao.

Mweru aliufikia kwa njia ya makusanyo. Kati ya 1911 na 1913 daktari mmoja wa Ubelgiji, Louis Stappers, alikuwa amekusanya samaki wa Mweru na Tanganyika. Alifariki mwaka 1916. Mwaka 1964 Trewavas alipochapisha uchambuzi wake wa jenasi ya Serranochromis, perege wala nyama wenye midomo mikubwa, alimpa mmoja wa samaki hao jina la stappersi, kwa heshima ya daktari huyo. Wakati huo alikuwa tayari amestaafu. Alistaafu mwaka 1961, akaendelea kufanya kazi katika makumbusho yaleyale, na hakuna kipindi alichochapisha mambo mazito zaidi ya hicho cha baada ya kustaafu.

Jambo lililomweka kwenye orodha ya watu wasiosahaulika katika fani yake ni perege. Kwa miongo mingi samaki wote wa aina hiyo walitupwa kwenye kapu moja lililoitwa Tilapia. Mvuvi yeyote wa Ziwa Viktoria angeweza kumwambia mtaalamu kwamba hawako sawa, lakini kwenye spiriti wanafanana mno. Trewavas hakuridhika na magamba peke yake. Aliuliza wanazaaje.

Hapo mambo yakajitenga. Wako perege ambao mama hubandika mayai juu ya jiwe au chini ya maji, na baba na mama huyalinda kwa pamoja. Hao aliwaachia jina la Tilapia. Wako ambao mayai huatamiwa mdomoni na baba, au na wazazi wote wawili. Hao, kwa pendekezo lake la mwaka 1973, walirudishiwa jina la Sarotherodon. Kundi la tatu, ambalo ndilo kubwa huku Afrika Mashariki na kusini, ni wale ambao mama peke yake ndiye anayebeba mayai mdomoni. Madume hukusanyika mahali pa maji mafupi, kila mmoja akichimba kiota chake na kukilinda. Jike hupita, hutaga, huyachukua mayai mdomoni na kuondoka, asiweze kula vizuri mpaka watoto waweze kujitegemea. Kundi hili akaliita Oreochromis.

Jina hilo hakulibuni. Lilikuwapo tangu 1889, lilipotolewa kwa samaki wa Ziwa Chala, lile ziwa la kreta chini ya Kilimanjaro lililokatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Maana yake inahusu mlima. Kwa hiyo sato wa kufugwa anayeuzwa leo kuanzia China hadi Brazil anabeba jina la ukoo lililozaliwa Chala, huku samaki mwenyewe wa Chala, Oreochromis hunteri, akihesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Nadhani ni watu wachache Taveta au Rombo wanaoijua habari hii.

Kwa nini uzazi uwe na uzito kuliko umbo? Kwa sababu umbo la mwili hubadilika haraka kufuata chakula na maji, na samaki wawili wasio ndugu wanaweza kufanana kwa kuishi maisha yanayofanana. Namna ya kulea watoto hurithiwa kwa kina zaidi. Trewavas alikuwa akisoma nasaba, kama mzee wa ukoo anayejua kwamba watu wawili wanaofanana sura wanaweza kuwa wametoka kwa mababu tofauti. Wafugaji wa samaki na maofisa wa uvuvi hawakufurahi kubadilishiwa majina mara mbili ndani ya miaka 10, na wengi mpaka leo wanasema tilapia tu na kuendelea na kazi zao.

Kitabu chake kikubwa juu ya samaki hao kilitoka mwaka 1983, kina kurasa zaidi ya 500, na ndani yake ndimo alimomtenga pale wa Mweru. Kabla ya hapo samaki huyu alihesabiwa kuwa sawa na yule wa Zambezi na Kafue aitwaye macrochir, jina lililotolewa na Boulenger mwaka 1912. Trewavas alimpa cheo cha nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, akaliita mweruensis.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, lazima utazame mito. Mto Chambeshi huanzia kaskazini mashariki mwa Zambia, huingia mabwawa ya Bangweulu, hutoka humo kwa jina la Luapula, huporomoka katika maporomoko ya Mambilima, kisha hufika Mweru. Kwenye ramani ni maji ya mto mmoja. Lakini wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani sana Chambeshi ilimwaga maji yake Kafue, upande wa Zambezi, kabla ardhi haijainama na kuigeuza kuelekea Kongo. Ndiyo maana samaki wa Bangweulu wana ndugu wengi Zambezi, na Trewavas alimweka perege wa Bangweulu pamoja na macrochir wa huko. Chini ya Mambilima alimweka mwingine. Ndani ya safari moja ya mtumbwi na kubeba mzigo kupita maporomoko, unavuka mpaka wa historia mbili.

Mpaka huo haukuwa wa magamba tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Ruwet alikuwa ameelezea jinsi dume wa ziwa la bwawa la Lufira, huko Katanga, anavyochimba kiota chenye miale kama nyota. Dume wa Zambezi hujenga kilima chenye kishimo juu, mfano wa mlima wa volkano. Jike anayetafuta nyota hana haja na volkano. Trewavas alifariki Agosti 1993 akiwa na miaka 92, na mwaka uliofuata mtafiti Schwanck alichapisha tofauti za tabia na rangi kati ya samaki hao wawili. Tangu hapo pale wa Mweru akahesabiwa spishi kamili. Mwenyewe hakuliona hilo.

Mtu anaweza kuuliza, mama wa Nchelenge anayekaanga pale anafaidika nini na ubishi wa majina. Jibu liko karibu zaidi kuliko London. Kwa miaka mingi vifaranga vya samaki aliyeitwa macrochir vilihamishwa toka bwawa moja hadi jingine, toka bonde hadi bonde, kwa imani kwamba ni samaki yuleyule. Ikiwa jina ni moja, hakuna kinachoharibika ukichanganya. Jina likiwa mawili, aliyebeba ndoo ya vifaranga anajua kwamba anapeleka mgeni kwenye nyumba ya watu.

Wasomaji wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanaijua habari hii kwa uchungu. Ziwa Viktoria lilikuwa na ngege na mbiru, perege wake wa asili. Katika miaka ya 1950 sato wa Mto Nile aliletwa ziwani pamoja na perege wengine wa kigeni, na sangara akaingizwa pia. Leo ngege ni wa kutafutwa katika vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli nchini Kenya, na hata huko wataalamu wanahofia uchotara. Zambia nayo imekwisha kuonja. Katika Mto Kafue sato aliyetoroka kwenye mashamba ya samaki amezaa na perege wa asili, na vinasaba vya machotara vimepatikana kwenye samaki wa mtoni.

Kazi ya Trewavas ilipata mwenzi mwishoni mwa uhai wake, ndani ya makumbusho yaleyale aliyoyatumikia. Mwaka 1991 wanasayansi watatu wa hapo, Vane-Wright, Humphries na Williams, waliuliza swali gumu: fedha za hifadhi zikiwa chache, tuokoe nini kwanza? Walipendekeza kwamba spishi zisihesabiwe kwa idadi tu, kila moja moja, bali kwa nafasi yake katika mti wa ukoo. Mwaka 1992 Daniel Faith wa Australia akapendekeza kipimo kinachojumlisha urefu wa matawi ya mti huo. Spishi iliyobaki peke yake kwenye tawi la kale ikipotea, tawi zima limekatika. Spishi yenye ndugu 20 wa karibu ikipotea, hasara ipo, ila sehemu kubwa ya historia yake inabaki kwa nduguze.

Mweru ni mahali pazuri pa kujaribia wazo hilo, na pia pa kuonea mipaka yake. Humo yumo ntembwa, Tylochromis mylodon, samaki wa bonde la Mweru na Luapula tu, mwenye meno ya kooni mapana kama magego ya kusagia konokono. Jenasi yake ni tawi la kale katika ukoo wa perege wa Afrika. Kwa kipimo cha Faith ntembwa ana uzito mkubwa. Lakini ziwani humohumo wamo pia perege wadogo wa makumi ya spishi, wengi wao wapya kwa sayansi, ambao utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha asili yake: nasaba za Bangweulu ziliteremka, zikakutana na nasaba za Kongo, zikachanganyika, na kutokana na mchanganyiko huo zikachipuka spishi nyingi kwa haraka. Bangweulu, ambako mchanganyiko haukutokea, hapakuzaa wingi huo.

Hapa msomaji mkali atanikamata. Ikiwa uchotara ndio uliojaza Mweru samaki wa kila namna, kwa nini tumwogope sato na machotara yake? Swali ni la haki. Kwa maoni yangu tofauti iko kwenye muda na kwenye nafasi iliyokuwapo. Ziwa lilikuwa na sehemu nyingi zisizo na wenyewe, na vizazi visivyohesabika vilipita vikigawana chakula na vina vya maji. Sato anakuja kwenye ziwa ambalo viti vimejaa, analetwa kwa maelfu, amechaguliwa na binadamu kwa kukua haraka, na kinachofuata huonekana ndani ya maisha ya mvuvi mmoja. Kilichotokea Viktoria hakikuzaa perege wapya wa kuchukua nafasi ya ngege.

Na kuna mpumbu, samaki anayeharibu hesabu zote. Mpumbu, Labeo altivelis, alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Wafanyabiashara, wakiwamo Wagiriki wa Kasenga upande wa Kongo waliolisha migodi ya Katanga, walimvua kwenye safari hiyohiyo ya uzazi, hata mayai yake yakawa bidhaa. Katikati ya karne iliyopita makundi yake yalianguka. Spishi yenyewe haiko Mweru peke yake; iko pia Zambezi, kwa hiyo kwenye mti wa ukoo hakuna tawi lililokatika. Kwa wazee wa Luapula hakuna samaki aliyeacha pengo kubwa kuliko yeye. Mti wa ukoo unasema nini kisichoweza kupatikana tena popote duniani. Hausemi nini kitakosekana jikoni, na ofisa wa uvuvi anayepanga bila kuyaweka mambo yote mawili mezani atawaudhi watu wa Nchelenge, na atakuwa amestahili.

Trewavas mwenyewe hakuandika kama mwanaharakati. Mwaka 1972, pamoja na Green na Corbet, alichapisha uchunguzi wa Barombi Mbo, ziwa dogo la kreta nchini Cameroon lenye perege wasiopatikana kwingine. Mwaka 1989, akiwa na miaka 88, alitoa kitabu na David Eccles juu ya jenasi za perege wa Ziwa Nyasa, kazi ambayo kijana angeiogopa. Samaki mmoja wa miambani wa ziwa hilo, Labeotropheus trewavasae, ana jina lake tangu 1956, na wanaofuga samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanalitamka kila siku.

Siku hizi chakula cha wengi Mweru ni chisense, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa, vinavyokaushwa mchangani na kupelekwa Copperbelt na Lubumbashi. Pale amekuwa ghali. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaa, na ni katika maji mafupi ya kandokando ambako madume hutengeneza viota. Machi ikifika nyavu hurudi majini. Wanawake wa Kashikishi huteremka ufukweni mapema na mabeseni, na anayemwahi mvuvi hapandishi bei kwa maneno mengi. Humgeuza samaki, humtazama jicho na matamvua, humweka chini, kisha hutaja jina lake tu.